Daftari la PP1 lina watoto 4, la Gredi ya 8 lina 21: viziwi wadogo wamekwenda wapi?

#1 Mzazi Nyamasaria

Habari zenu wadau. Mimi ni mzazi wa binti kiziwi aliye Gredi ya 5 katika shule ya umma ya bweni upande huu wa Kisumu, na tangu mwaka jana ninawawakilisha wazazi kwenye bodi ya shule. Jina la shule naomba libaki mfukoni mwangu.

Juma lililopita tulikaa kupanga bajeti ya muhula, na mwalimu mkuu akatuwekea madaftari ya mahudhurio mezani, moja juu ya jingine. Daftari la PP1, yaani darasa la kwanza la chekechea, lina majina 4. La Gredi ya 1 lina 6. Ukizidi kupanda, majina yanaongezeka hadi Gredi ya 8, ambako wako 21 na vitanda havitoshi, kiasi kwamba wavulana wengine wanalala wawili wawili. Shule ya kawaida huwa kinyume cha hayo: chini kumefurika, juu kumepwaya.

Nikaitazama pia safu ya umri. Kati ya wale 4 wa PP1, mmoja ana miaka 5, wawili wana miaka 9, na wa nne ana miaka 11. Huyo wa miaka 11 anajifunza kushika kalamu huku goti lake limekwama chini ya meza ya watoto wachanga.

Swali langu ni hili: je, watoto viziwi wanaozaliwa wamepungua, au wako nyumbani, au wamepelekwa kwingine? Ninauliza kwa sababu fedha za serikali huja kwa hesabu ya vichwa, na mjumbe mmoja wa bodi ameanza kusema kwamba tukiendelea hivi tutaunganishwa na shule nyingine.

#2 Tabibu wa Ahero

Salamu. Jibu langu ni chanjo. Nilipoanza kazi, uziwi mwingi tuliouona ulikuwa wa kuja baadaye: mtoto anaugua homa ya uti wa mgongo, anapona, anarudishwa nyumbani watu wakishukuru Mungu, kisha juma la tatu mama anagundua kwamba akimwita kwa nyuma hageuki. Chanjo ya Hib iliingia Kenya mwaka 2001, ile ya PCV ikafuata 2011, na mwaka 2016 chanjo ya surua ikaunganishwa na ya rubela. Bakteria wanaozuiwa na chanjo mbili za kwanza walikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya uti wa mgongo kwa watoto wadogo, na rubela ikimpata mama mwanzoni mwa ujauzito huweza kumharibu mtoto masikio, macho na moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa utotoni hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Ukiyazuia, daftari la PP1 litapungua. Sioni kwa nini bodi ivae matanga.

#3 Hesabu Kamili

Namuunga mkono Tabibu kwa takwimu. Sensa ya 2009 ilipata watu 187,818 wenye ulemavu wa kusikia. Ile ya 2019 ikapata 153,361, ingawa Wakenya walikuwa wameongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Viziwi wanapungua, hesabu ndiyo hiyo, mjadala unaweza kufungwa mapema tukaokoa bando.

#4 Mwalimu Luanda

Hesabu Kamili, bando lako bado lina kazi. Sensa ya 2019 ilibadilisha namna ya kuuliza, ikahesabu mwenye ugumu mkubwa au asiyeweza kabisa, na takwimu zake za ulemavu ni za watu wa miaka 5 na kuendelea. Ndiyo maana ulemavu wote ulishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 2.2 kwa miaka kumi, jambo ambalo hakuna chanjo wala muujiza unaoweza kulieleza. Humo ndani wamo pia wazee ambao masikio yao yamechoka tu. Mtoto wa miaka 4, ambaye ndiye anayetakiwa kuwa PP1, hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Na kwako Tabibu: mtoto aliye Gredi ya 8 kwa umri wake sahihi alizaliwa kama mwaka 2012. Hib ilikuwepo, PCV ilikuwepo. Iweje chanjo ileile impunguze yule wa PP1 na kumwacha huyu?

Mimi ninafundisha katika kitengo maalum cha viziwi ndani ya shule ya msingi ya kutwa huku Vihiga, nami nawajulisha kwamba watoto mnaowatafuta baadhi yao ninao mimi. Wako 11 katika chumba kimoja, wa kila gredi, nami nageuka huku na huku kama feni. Tangu sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu, msukumo wa wizara ni elimu jumuishi, mtoto asome karibu na kwao. Mzazi akiambiwa achague kati ya bweni la mbali na kitengo kilicho hatua chache kutoka sokoni, hataumiza kichwa.

#5 Tabibu wa Ahero

Hoja ya #4 nimeikubali nusu. Umesema "kwa umri wake sahihi", lakini Mzazi ametuonyesha kwamba umri sahihi haupo: PP1 yake ina mtoto wa miaka 11. Basi Gredi ya 8 hiyo huenda ina vijana wa miaka 17 na 18, waliozaliwa 2007 au 2008, kabla ya PCV na kabla ya rubela. Mzazi, tusomee safu ya umri ya Gredi ya 8 ukipata nafasi.

#6 Mama Pipeline

Ninaandika kutoka Nakuru. Mnahesabu chanjo na sensa, mmesahau kuhesabu sanduku. Mwanangu alipopimwa na kuambiwa ni kiziwi kabisa alikuwa na miaka 4, na shule ya umma yenye bweni ikanipa orodha: godoro, blanketi mbili, shuka, sanduku la bati na kufuli yake, ndoo, slipa, sweta mbili, sabuni ya muhula mzima, pamoja na fedha za bweni ambazo "elimu bure" haizigusi. Ongeza nauli ya kumpeleka, nauli ya likizo fupi ya katikati ya muhula, nauli ya kumrudisha, na kila mara ni watu wawili wanaokwenda. Nilikaa naye nyumbani hadi alipofika miaka 7.

Lakini nisiwadanganye, hata ningekuwa na fedha nisingempeleka akiwa na miaka 4. Mtoto wa umri huo hajui kusema kwamba tumbo linauma, hana neno la kwa mdomo wala la kwa mikono, nami nimwache katika chumba cha watoto arobaini usiku? Kitu kilichomzuia mwanangu ni bweni lenyewe. Kungekuwa na PP1 ya kutwa mjini hapa ninapoishi, angeanza mapema.

#7 Mikono Yasema

Salamu kwa wote. Mimi ni kiziwi, ninaishi Kakamega, na ninawashukuru kwa mjadala huu, ingawa nimesoma machapisho sita kuhusu viziwi na hakuna aliyeuliza kama kuna kiziwi humu ndani.

Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka 10, kwa uti wa mgongo ule ule wa Tabibu. Niliingia shule ya viziwi nikiwa najua Kiswahili, Kiluhya na Kiingereza kidogo. Wakati wetu, darasa la watu kumi na watano lilikuwa na watano au sita kama mimi, waliosikia kwanza kisha wakanyamaziwa na dunia. Sisi ndio tuliokuwa viranja, sisi ndio tuliowasomea wenzetu barua za nyumbani, na mwalimu asiyejua ishara alipokwama alitugeukia sisi. Siku hizi ninatembelea shule kadhaa kama mkufunzi wa ishara, na watoto wa namna yangu ninawakuta wachache sana. Wengi wa sasa wamezaliwa viziwi, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto anafika shuleni akiwa na miaka 8 bila lugha yoyote. Anajua kuonyesha kidole na kulia.

Kwa hiyo Tabibu anaweza kuwa na haki kwamba tumepungua, na bado shule ikawa na kazi kubwa kuliko zamani. Watoto 4 wasio na lugha wanamchosha mwalimu kuliko kumi na watano wa wakati wangu.

Kuhusu vitengo, Mwalimu Luanda, ninakuheshimu, lakini mtoto kiziwi kwenye kitengo cha watoto 11 wa kila umri anajifunza ishara kutoka kwa nani? Sisi lugha hatuipati mapajani mwa mama. Tunaipata bwenini, kwa wakubwa, usiku, chini ya taa.

#8 Ingwe Damu

Mikono Yasema, heshima yako. Ila Kiswahili chako kimenizidi mimi niliyefanyiwa mtihani wa Insha mara mbili. Si nasikia wanafunzi viziwi hawafanyi Kiswahili?

Na kwa kuwa tumefika Kakamega, ijulikane kwamba shule ya kwanza ya viziwi Kenya ni Mumias.

#9 Mikono Yasema

Ni kweli, katika mitihani ya kitaifa watahiniwa viziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kiswahili changu ni cha kabla ya ugonjwa, kingine nimekiokota kwenye magazeti ya kufungia nyama.

#10 Mstaafu wa Bondo

Hamjambo. Nilifundisha viziwi kwa miaka mingi, na siwezi kumwacha Ingwe Damu apite hivi hivi. Nyang'oma, hapa Bondo, na Mumias zote mbili ni za mwaka 1961. Aliyetangulia kwa juma au mwezi mimi sitamwamua, maana kesho nina safari ya kupitia Kakamega.

Nirudi kwenye swali. Jambo la watoto kuchelewa ni la tangu zamani. Vituo vya kutathmini watoto, hivi tunavyoviita EARC, vilianzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark ili mtoto atambuliwe mapema na kuelekezwa shule inayomfaa. Chuo cha KISE kikaanzishwa 1986 kufundisha walimu. Vituo vikawapo, lakini mtoto alisubiri mpaka mtu amlete, kwa kuwa hospitali nyingi hazipimi usikivu wa mtoto anapozaliwa. Kilema cha mguu mkunga hukiona. Uziwi hauna alama. Mama huanza kushuku mtoto akifika miaka 2 bila kusema, na hapo atakutana na shangazi wa kumwambia kwamba hata baba yake alichelewa kuzungumza.

Nami nikiri jambo ambalo sijivunii. Miaka ya mwanzo tulifundisha kwa mdomo peke yake. Ishara zilikatazwa darasani, na mtoto aliyenyoosha mikono alichapwa mikono hiyo hiyo. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 ndipo shule zilipoanza kulegeza. Watoto wengi tuliowaandikisha wakati huo walikaa miaka minane wakatoka bila kusoma sentensi moja, wazazi wao wakarudi vijijini wakatangaza kwamba shule ya viziwi ni mahali pa kulishwa ugali tu. Sifa ya namna hiyo haifi upesi. Baadhi ya hao wanaoficha wajukuu leo walijifunza kutoka kwetu.

#11 Ingwe Damu

Mzee, pita salama, sisi Mashemeji wa Gor Mahia na AFC Leopards hatuna ubaya mpaka siku ya mechi. Tumetoka sare.

#12 Msimamizi

Tafadhali turudi kwenye daftari.

#13 Nyakach Juu

Mimi ni nyanya, mjukuu wangu ananiandikia hapa nikimsomea. Yule mtoto wa miaka 11 ameniuma kwa sababu nilikuwa na wa kwangu kama yeye. Mama yake alimwacha kwangu akaenda Nairobi. Tulidhani ni mkaidi. Ukimtuma haendi, ukimwita hageuki, tukamchapa. Siku moja kulikuwa na matanga kwa jirani, ngoma zikaletwa, yule mtoto akakimbia akaenda kuikumbatia ngoma moja, akalaza tumbo lake juu yake na kucheka. Mzee mmoja akasema, huyu anasikia kwa tumbo. Ndipo tukampeleka kupimwa. Alikuwa na miaka 8.

Shule walimpokea vizuri, lakini hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuingia katika NEMIS, ule mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi. Nilikwenda kwa chifu, chifu akaniambia nilete kitambulisho cha mama yake, na mama yake simu haipokei. Mtoto alisoma miaka miwili, alikula, alilala, jina lake lilikuwa kwenye daftari la mwalimu na halikuwamo kwenye kompyuta ya serikali. Sasa niambieni, huyo alihesabiwa ama hakuhesabiwa?

#14 Mzazi Nyamasaria

Ahsanteni, na shikamoo mama wa Nyakach. Leo nilikwenda shuleni, nikakaa na karani. Nina mambo matatu.

Kwanza, Tabibu, umri wa Gredi ya 8: mdogo wao ana miaka 14, mkubwa ana 19, na saba wamevuka 17. Hoja yako haijafa, ila haijashinda, maana waliobaki ni wa umri wa kawaida au karibu yake.

Pili, tulifungua faili za uhamisho. Katika wale 21, tisa hawakukulia shuleni kwetu. Walitoka vitengo vya kutwa walipomaliza Gredi ya 6, kwa sababu tangu sekondari ya chini ianze mwaka 2023 vitengo vingi havina mwalimu wa masomo hayo anayejua ishara. Kwa hiyo Mwalimu Luanda alisema kweli kwamba anao watoto wetu, lakini wanatufikia wakiwa na miaka 13. Toa hao tisa, Gredi ya 8 inabaki na 12. Bado 12 si 4.

Tatu, hoja ya nyanya imenikuta uso kwa uso. Madaftari ya walimu yana watoto watano zaidi ya orodha ya NEMIS, na mmoja wao ni yule wa miaka 11. Tunamlisha kwa fedha za wenzake.

#15 Mwalimu Luanda

Mikono Yasema, swali lako la #7 nimelilalia siku mbili. Sina jibu zuri. Katika kitengo changu mtoto mdogo hujifunza ishara kutoka kwangu, nami nilizijifunza nikiwa mtu mzima, na wakubwa wake ni wavulana wawili wenye ishara za kubuni. Lakini ukinivunjia kitengo, wale wadogo sita hawatakwenda bwenini. Watarudi nyumbani kuchunga mbuzi, maana mama zao wote ni Mama Pipeline.

#16 Mama Pipeline

Nimekubali kuwa mfano, bora nisiwe methali.

Niongeze jambo ambalo wanaume mnalizunguka. Mzazi, umehesabu wasichana ni wangapi? Mzazi wa msichana kiziwi huogopa mara mbili. Mtoto ambaye hawezi kupiga kelele za kueleweka, na ambaye hata akieleza hakuna polisi wa kumwelewa, utamwacha mbali nawe kwa miezi mitatu?

#17 Mzazi Nyamasaria

Nilihesabu baada ya kusoma hapa. PP1 hadi Gredi ya 2 kuna wavulana 15 na wasichana 8. Kwenye Gredi ya 8 ni 11 kwa 10. Nilitarajia tofauti ikue kadiri unavyopanda, nikakuta inapungua. Sijui nifanye nini na namba hizo.

#18 Matroni wa Zamu

Nimekuwa mama wa bweni kwa miaka 12, si katika shule ya Mzazi. Naomba kueleza kilichobadilika kwa macho yangu.

Zamani nilikuwa na watoto wengi wenye nguvu, unawaonyesha mara moja kutandika kitanda, wao wanawaonyesha wadogo. Sasa katika wasichana wadogo 9 nilio nao, mmoja haoni vizuri, wawili wana kifafa, mmoja hatembei bila kushikwa, na mmoja nadhani ana usonji ingawa kituo cha tathmini kimeandika "uziwi" na kusimama hapo. Kuwaamsha asubuhi hakuna kengele. Ninawasha na kuzima taa, na wasioamka ninapiga mguu sakafuni karibu na kitanda mpaka mtikisiko uwafikie. Stima ikipotea, shule ya kawaida huwa na giza tu, lakini kwetu mazungumzo yote hukatika. Mtoto aliyekuwa akinieleza kwamba anaumwa anabaki na mikono hewani. Muhula uliopita stima ilikatwa siku nne kwa deni, nikanunua tochi mbili kwa fedha zangu, moja ya kumulika mikono yangu na nyingine ya kumulika mikono ya mtoto.

Mimi si mwajiriwa wa serikali. Bodi ndiyo hunilipa, na hunilipa kwa kile kinachobaki baada ya mahindi na maharagwe. Watoto wakipungua, kinachobaki kinapungua, na bado usiku ni mmoja na matroni ni mmoja.

#19 Hesabu Kamili

Baada ya kusahihishwa katika #4 nimekuwa mpole, kwa hiyo nitauliza zaidi ya kudai. Nimesoma kwamba mgao wa shule ya msingi ni Sh 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, wa sekondari ya chini Sh 15,042, na kwamba tangu 2018 sekondari ni Sh 22,244, ambapo mwanafunzi mwenye mahitaji maalum huongezewa Sh 35,730. Kama ndivyo, Gredi ya 8 inaleta fedha nyingi kuliko wadogo wote pamoja. Je, haiwezekani kwamba shule zenyewe zinatafuta wakubwa, na hazihangaiki kuwatafuta wadogo? Mtoto wa PP1 analeta fedha kidogo na anahitaji matroni, mwalimu wake peke yake na shuka za kubadilishwa usiku.

#20 Mstaafu wa Bondo

Umesahau nyongeza ya mahitaji maalum ambayo hata shule ya msingi huipata, lakini mwelekeo wa hesabu yako si wa kupuuzwa. Hata hivyo sikuwahi kumwona mwalimu mkuu akimfukuza mtoto mdogo kwa hesabu hiyo. Nimewaona wakisema "mlete mwakani akishajua kwenda chooni", na mwakani huwa miaka mitatu.

#21 Tabibu wa Ahero

Naomba nisahihishe jambo ambalo watu wananiandikia pembeni. Wengi hapa Magharibi husema mtoto "aliharibiwa na kwinini". Kwinini huweza kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu, lakini mara nyingi hali hiyo hupita dawa ikiisha. Mara nyingi zaidi mhalifu ni malaria kali yenyewe, au uti wa mgongo uliodhaniwa kuwa malaria. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa ya artesunate mahali pa kwinini kwa malaria kali ya watoto, kwa hiyo hata lawama hiyo imezeeka. Dawa ya kuogopwa zaidi ni gentamaisini ikitolewa kwa kiwango kikubwa au kwa muda mrefu. Na sikio linalotoka usaha kwa miezi litibiwe, lisitiwe mafuta ya kupikia.

#22 Ingwe Damu

Nina swali la kijinga. Kwa nini wasivalishwe tu zile mashine za masikio na kurudi shule za kawaida?

#23 Mama Pipeline

Si la kijinga, hata mimi niliuliza. Mwanangu anayo moja. Mashine humfaa mwenye mabaki ya usikivu, na wa kwangu alibakiwa na kidogo sana, anasikia mlango ukibamizwa. Betri yake ni kidude kama punje ya dengu na hudumu juma moja au mawili. Kile kipande laini kinachofinyangwa kwa umbo la sikio lake kinambana kila anapokua, na kisipokaa sawasawa mashine hupiga mluzi mpaka mbwa wa jirani anajibu. Kufinyanga kingine ni safari na fedha. Kuanzia muhula uliopita iko kabatini ndani ya kikombe.

#24 Mikono Yasema

Kabatini ziko nyingi. Shule moja niliyotembelea ina sanduku zima, zilitolewa kama msaada, picha zikapigwa, betri zikaisha.

Mzazi, ukikutana na huyo mjumbe anayetaka kuunganisha shule, mkumbushe kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeipa serikali jukumu la kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kimeifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Lugha ya Bunge haiwezi kukosa mahali pa kuzungumziwa na watoto wa miaka 5. Ila sitakudanganya kwamba nina namba za kukupa. Watoto wengine wako kwa Mwalimu Luanda, wengine wako kwa akina nyanya, na wengine pengine hawakuzaliwa viziwi kabisa, ambao ninawaonea wivu wa heri.

Ninalo swali moja. Yule wa miaka 11 wa PP1, ameshapewa jina la ishara?

#25 Mzazi Nyamasaria

Ameshapewa, nilimuuliza binti yangu. Ni ngumi mbili zilizoshikana mbele ya kifua, kama mtu aliyeng'ang'ania vyuma, kwa sababu siku ya kwanza alishika lango la shule akakataa kuliachia mpaka mjomba wake alipotoweka barabarani. Binti yangu anasema sasa yeye ndiye anayewafungulia wageni.

Kikao cha bodi ni Ijumaa. Mama wa Nyakach, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako kilipatikanaje mwishowe? Nina watano wa kufuatilia.

#26 Nyakach Juu

Nilikaa ofisini mpaka wakachoka nami. Beba uji.